Chombo Kimefufuliwa, Bega Je?

Neno "chombo" ni neno pana katika lugha yetu. Sahani ni chombo, jembe ni chombo, mtumbwi ni chombo. Na wenzetu wa visiwani wanaposema kwamba chombo kimetia nanga, hapana anayeuliza ni chombo cha namna gani. Askari wa barabarani naye huliita gari na pikipiki "chombo cha moto". Mfasiri aliyezoea lugha za Ulaya, ambazo zina jina mbali kwa kila kimoja katika hivyo, huona mwanzoni kuwa huu ni upungufu. Akikaa na neno hilo muda mrefu huona kinyume chake. Kiswahili kimeviweka pamoja vitu ambavyo mwanadamu huvitumia kuchukulia au kutendea jambo, na kwa hiyo kila chombo kinapotajwa yapo maswali mawili yanayokisubiri: kinachukua nini, na ni nani anayekichukua chenyewe?

Hilo la pili ndilo lililonikalisha kuandika makala haya. Nataka kuzungumza juu ya vyombo vya vita vilivyofufuliwa: meli moja na mizinga michache, vyote vya Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa katika nchi yetu kuanzia 1914 hadi 1918 wakati Tanganyika ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Viliopolewa majini, vikaundwa upya, vikapakwa rangi, vingine vikapewa kazi na vingine vikawekwa mahali pa heshima ili watu wavitazame. Mtu anapokikarabati chombo cha vita, anakarabati nini hasa? Na je, anajitwika deni gani?

Naandika kutoka Mlabani, mjini Ifakara, mahali ambapo pengine msomaji wa pwani hapaoni kuwa na uhusiano wowote na manowari. Lakini mto Kilombero unaopita kusini ya mji wetu hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Tangu mwisho wa mwaka 2022 maji hayo hutuama kwanza katika bwawa la Mwalimu Nyerere, kisha hushuka hadi kwenye delta yenye mikoko inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Kilichotokea huko chini mwaka 1915 kilipanda hadi kwetu huku juu, ila hakikupanda kwa maji. Kilipanda mabegani mwa watu.

Tuanze Unguja, kwa kuwa kisa chenyewe kinaanzia huko. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetulia bandarini Zanzibar, mitambo yake ikitengenezwa. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikatokea na kuipiga kwa mizinga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, na makaburi yao yanatunzwa. Majina yao yanasomeka. Naomba msomaji alishike hilo la majina, nitalirudia.

Königsberg ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliiziba njia kwa miezi mingi, kisha mwezi Julai 1915 wakaleta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni, huku ndege zilizoruka kutoka Mafia zikiwaonyesha shabaha. Walipiga tarehe 6, wakarudi tarehe 11, na siku hiyo nahodha Max Looff aliamuru meli yake iharibiwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Meli ilikufa; mizinga yake 10 haikufa. Iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaiundia magari ya magurudumu ili ipigane nchi kavu. Waingereza nao hawakukaa: waliopoa mizinga ya Pegasus kutoka chini ya bahari ya Unguja na baadhi yake wakaifunga magurudumu vilevile. Basi manowari mbili zikiwa zimelala chini ya maji, moja baharini na moja mtoni, silaha zao zikaendelea na ugomvi bara, mbali na harufu ya chumvi.

Hapa mfasiri hana budi kusimama kidogo. Huku kwetu bondeni, na zaidi kule juu Mahenge, mtu akisema mzinga sisi hufikiri nyuki kwanza. Ni gogo lililotobolewa, likazibwa ncha zote mbili na kuachiwa tundu, likalazwa juu ya mti. Yule wa kwanza aliyelihamisha neno hilo kutoka kwenye gogo la asali hadi kwenye chuma cha vita alikuwa mshairi, hata kama hakuwahi kutunga ubeti mmoja. Aliona urefu ule ule, uwazi ule ule wa ndani, na tabia ile ile: ukiuchokoza, kitakachotoka husubiri kukitazama. Lakini kuna tofauti moja ambayo neno limeificha. Mzinga wa nyuki mtu mmoja huupandisha mtini kwa kamba. Mtutu wa mzinga wa Königsberg una uzito wa zaidi ya tani moja, bila ya gari lake wala risasi zake.

Nani aliuchukua? Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari ya moto yalikuwa machache, na masika yalipoingia yalizama matopeni hadi kwenye injini. Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ya Kati, na vita vilipozivuka kuelekea kusini hapakuwa na reli tena. Kwa hiyo mizinga ilivutwa kwa kamba na watu, mamia kwa mzinga mmoja, na pale pasipo na njia walitanguliwa na wengine waliokata miti na kutandika magogo. Wataalamu wa vita huandika kwamba Wajerumani "waliihamisha" mizinga yao kwa ustadi mkubwa. Kitenzi hicho nimekifasiri mara nyingi na kila mara kimenikera. Mjerumani hakuhamisha kitu, alitoa amri.

Hesabu ni bora kuliko malalamiko, basi tuhesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 25. Mpagazi huyo lazima ale, na chakula chake cha siku ni karibu kilo moja ya unga au mchele. Akibeba gunia la unga kuwapelekea askari walio mwendo wa siku 12, atakula kilo 12 kwenda na kilo 12 kurudi, na atakayemfikia askari ni kilo moja. Ndipo wakuu wa majeshi walipoona kwamba ili kumlisha mtu mmoja mwenye bunduki huhitaji wengi wasio na bunduki, na ili kuwalisha hao wengi huhitaji wengine tena nyuma yao. Na njia rahisi ya kuipunguza hesabu hiyo ilikuwa kuwapunguzia chakula wale walio nyuma. Hakikuandikwa kama ukatili. Kiliandikwa kama hesabu. Upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote, na vifo vilivyoingizwa katika daftari vinakaribia laki moja, ambavyo ni vya wale tu waliokufa mahali palipokuwa na karani. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache miongoni mwao. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na wengi kwa kulishwa unga usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Bonde la Kilombero liliona sehemu yake. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, pamoja na wapagazi wao, yaliteremka kutoka Kilosa, yakafika mto huu, yakapanda milima na kuingia Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917. Kabla yao walikuwapo Wajerumani, na kila jeshi lililopita lilichukua wanaume na ghala. Mahenge ilikwisha kuijua bombomu tangu tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, pale wapiganaji waliolivamia boma la Mjerumani walipofyekwa kama mpunga. Mtoto aliyenusurika siku hiyo akiwa na miaka minane alikuwa na miaka ishirini Wabelgiji walipofika: umri barabara wa kubebeshwa mzigo. Kisha ikaja njaa, kisha mafua makuu ya 1918.

Sasa natoka bondeni niende ziwani, maana ndiko kiliko chombo kilichofufuliwa kwa ukamilifu kuliko vyote. Mzinga mmoja katika ile 10 ya Königsberg haukufungwa magurudumu. Ulisafirishwa hadi Kigoma ukawekwa juu ya meli ya Kijerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakuliwa Dar es Salaam na kuunganishwa upya Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Lakini mafundi wake waliipenda. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu, kama mtu anayemkafini maiti huku akitumaini kuwa atafufuka. Walitumaini sawa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba.

Kuanzia hapo meli ya vita ikawa mama wa wasafiri. Kwa miongo mingi ilishuka ziwa lote kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji mbele ya vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikiizunguka kushusha na kupandisha watu, dagaa, mananasi na harusi nzima. Mwaka 1997 ilirudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mitambo yake ya mvuke ilikwisha kuondolewa miaka ya 1970 na kutiwa ya dizeli. Kufikia mwaka 2018 uchakavu ulikuwa umeisimamisha, na baadaye Serikali ikatia saini mkataba wa kuikarabati tena.

Wanafalsafa wana fumbo la zamani linaloifaa meli hii. Mwandishi wa Kiyunani Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli ya shujaa wao Theseus, wakiondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakaanza kubishana: je, ni meli ile ile au ni nyingine? Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza ukorofi wake: vipi kama mtu angezikusanya mbao zote kuukuu na kuziunganisha? Ipi itakuwa meli ya Theseus?

Ifakara ni mji wa baiskeli, na fumbo hili kwetu si geni. Fundi aliye chini ya mwembe atakuonyesha baiskeli iliyobadilishwa ringi, tairi, mnyororo, usukani, pedeli na keria ya nyuma (neno keria, kwa kupita, ni ndugu wa Kariakoo, nitalifikia), na juzi fremu yake nayo imekatika na kununuliwa nyingine. Mwenyewe bado huiita baiskeli ya babu. Mwanafalsafa atacheka. Lakini tuseme babu huyo aliikopa baiskeli kwa mtu, akafa hajamaliza kulipa. Mwenye kudai akija leo, je, mjukuu anaweza kumjibu kwamba ringi ni mpya na fremu ni mpya, kwa hiyo baiskeli aliyoidai haipo tena? Hapana mzee katika Mlabani atakayeikubali hoja hiyo. Umeipokea kwa jina la babu, umeipokea na deni lake. Na wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine, kwa kuwa katika mirathi deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote.

Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la fumbo, au angalau ndilo jibu linalotuhusu. Wayunani walikitafuta kile kinachofanya chombo kiwe kile kile, wakakitafuta katika mbao. Mimi nakiona katika deni. Liemba ni Graf von Götzen, dizeli iwe dizeli, kwa sababu lipo jambo lililotendwa kwa ajili ya chombo hicho ambalo halijalipwa. Na mzinga uliopakwa rangi ni mzinga ule ule kwa sababu hiyo hiyo.

Haidhuru, Waathene hawakuwa wajinga kama fumbo linavyowaonyesha. Plato anasimulia kwamba kila mwaka walituma meli kwenda kisiwa cha Delos kutimiza nadhiri iliyowekwa wakati wa Theseus. Na tangu meli ilipopambwa mashada hadi iliporejea, mji ulikatazwa kumwua mtu yeyote kwa hukumu ya serikali. Ndiyo sababu Socrates, aliyehukumiwa siku moja baada ya meli kupambwa, alikaa gerezani muda mrefu akisubiri kikombe cha sumu: upepo ulikuwa haujairudisha meli. Wanafunzi wa falsafa hufundishwa fumbo la mbao na hufundishwa kifo cha Socrates, lakini ni nadra kukumbushwa kwamba visa vyote viwili vinahusu meli moja. Kwao kuihifadhi meli kulikuwa na sharti juu ya walio hai. Ilizuia mkono wa serikali kwa siku zile.

Sisi tumehifadhi mbao tukaacha nadhiri. Mzinga mmoja wa Königsberg upo Ngome ya Yesu, Mombasa, na pamoja nao upo mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili wakistaafu katika ua mmoja. Mwingine upo Pretoria, kwenye majengo ya serikali. Watalii hupiga picha, watoto hupanda juu. Mtunzaji atakuambia kipenyo cha mtutu, mwaka wa kuundwa na jina la meli. Atakutajia Looff, na ukimchokoza atakutajia na Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani. Ni sawa kuwataja. Hata wale mafundi watatu wa Papenburg waliokuja Kigoma kuiunganisha meli, majina yao yamo vitabuni, nami siwaonei choyo. Walifanya kazi yao vizuri. Lakini waliovuta kamba ni "wapagazi", kwa wingi, bila herufi kubwa.

Tazama jinsi lugha yenyewe ilivyoamua. Yapo maneno mawili tuliyoyachukua kwa Waingereza. Moja ni "manowari", tulilolipata kwa mabaharia wao, na hadi leo lina fahari. Mshairi akitaka kumsifu mtu aliyejaa nguvu humwita manowari. La pili ni "Kariakoo", jina la kikosi cha wapagazi jinsi sikio letu lilivyolisikia. Limebaki jina la soko la Dar es Salaam, pale walipopigishwa kambi, na mtu hununua nyanya pale maisha yake yote asijue kwamba anatamka jina la jeshi la wachukuzi. Jina la chuma limebaki na chuma. Jina la watu limebaki bila watu.

Ipo hadithi inayosimuliwa katika vitabu vya vita hivyo nami huifikiri mara kwa mara. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliobaki hai malimbikizo yao ya mshahara. Mtu wa fedha akatumwa, kituo kikafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vitambaa vya sare zilizochanika. Yule mtu wa fedha akapata wazo. Kila mzee alipofika mezani alipewa ufagio ashike mahali pa bunduki, kisha akaamriwa kwa Kijerumani: simama wima, bega silaha, shusha silaha. Hapana hata mmoja aliyekosea. Wakalipwa.

Husimuliwa ili watu wacheke na kulengwa na machozi, na kwa kweli ni hadithi nzuri. Lakini mimi huwaza juu ya mzee mwingine, ambaye kwa utaratibu ule asingekuwa na sababu ya kuja. Mpagazi angeonyesha nini? Hakufundishwa gwaride. Amri aliyoijua ni moja tu, twende. Angepewa nini mkononi kithibitishe? Bega lake tu ndilo lililokuwa na alama, na bega si hati. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa mema zaidi: mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo hapana aliyekuja kuidai, ilijadiliwa kwa barua kwa miaka mingi baina ya makoloni na London, na haikuzifikia jamaa zao. Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Rudi sasa Chapwani ukasome yale majina.

Watu wawili hunipinga ninapoyasema haya, na wote wawili nawaheshimu. Wa kwanza husema kwamba chuma hakina dhambi. Kiache kitumike au kitazamwe, na historia ibaki kwa wanahistoria. Namkubalia nusu. Chuma hakina dhambi, na kwa hiyo hakiwezi kutubu kwa kupakwa rangi wala kwa kubeba dagaa. Deni haliko kwenye chuma, liko kwa anayekishika na kukisimulia. Wa pili husema kinyume: vyuma hivi ni vya wakoloni, vitupwe baharini vilikotoka, tusipoteze hata shilingi. Huyu namwogopa zaidi, kwa kuwa hoja yake ina ladha ya uzalendo. Lakini ukikitupa chombo umeutupa ushahidi wa mdai. Sisi tuna hali ya ajabu katika kesi hii: tumeirithi meli kwa mwenye deni, na wakati huo huo tu wajukuu wa wanaodai. Mrithi na mdai wamekaa katika nafsi moja. Kulipa fedha ni juu ya Berlin na London. Kutaja ni juu yetu, na hilo halihitaji mkutano na balozi yeyote.

Kuna methali ambayo hutumiwa kila wakati vita hivi vinapozungumzwa, ile ya fahali wawili na nyasi. Naitaka ipumzike kidogo. Nyasi hulala zikakanyagwa, hazimsaidii fahali. Hawa walimbeba fahali mgongoni hadi uwanjani, wakambeba na mwenzake, wakawapikia wote wawili. Ukimwita mtu huyo nyasi umemhurumia lakini umemnyang'anya kazi aliyoifanya, na kazi hiyo ndiyo msingi wa dai lake.

Mwaka 1927 ulikuwa na mambo mawili. Liemba ilirudi majini, na Dar es Salaam ikasimamishiwa sanamu ya askari wa shaba, bunduki yake ikielekezwa bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi wamefanya vizuri kidogo: katika sanamu tatu za huko, mmoja ni mchukuzi. Nimeiona picha yake. Amesimama wima mno kwa mtu mwenye kazi ile, lakini yupo.

Kwa Mombasa na kwa Kigoma siombi sanamu. Naomba vibao, na kwa kuwa ni kazi yangu kuandika, nimekwisha kuandika kimoja cha ule mzinga wa Ngome ya Yesu, kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate: "Mzinga huu ulikuwa wa manowari Königsberg, iliyoizamisha Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Uliopolewa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mtutu wake una uzito wa zaidi ya tani moja. Mizinga ya manowari hiyo ilivutwa nchi kavu kwa kamba na watu waliotolewa vijijini mwao, kwa kuwa ng'ombe walikufa. Majina yao hayamo kwenye jiwe lolote." Rafiki yangu mmoja aliyewahi kuwatembeza wageni ngomeni aliusoma akasema kwamba ni mrefu mno kwa mtu aliyesimama juani, nikate tarehe moja na ule mstari wa uzito. Tarehe niko tayari kuikata.